Lehemu na moyo wa mgonjwa wa dayalisisi: namba ndogo inapokuwa dalili mbaya

Kwa mtu ambaye figo zake zinafanya kazi, habari ya lehemu (kolesteroli, kama maabara nyingi zinavyoiandika) haina utata mkubwa. LDL, ile tunayoizoea kwa jina la lehemu mbaya, ikikaa juu kwa miaka mingi, mishipa ya moyo huziba taratibu. Ikishushwa kwa dawa, hatari hupungua, na kiasi cha kupungua kinajulikana: kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita, mashambulizi ya moyo, viharusi na haja ya kuzibuliwa mishipa hupungua kwa takriban moja ya tano.

Mtu huyo huyo akishaanza kusafishwa damu kwa mashine, hesabu hiyo inavurugika. Miongoni mwa wagonjwa wa dayalisisi, wenye lehemu ya chini kabisa ndio hufa mapema zaidi. Dawa inayoshusha LDL kwa zaidi ya asilimia 40 haijaonyesha kupunguza vifo vyao. Na bado moyo ndio unaowaua kuliko kiungo kingine chochote. Yote matatu ni kweli kwa pamoja, na anayeyasikia nusunusu anaweza kufanya uamuzi wa hatari. Mmoja anaacha mayai na nyama ili lehemu ishuke, kumbe mwili wake tayari una njaa. Mwingine anatupa statini (dawa za kushusha lehemu) alizopewa baada ya kuzibuliwa mshipa wa moyo, kwa sababu kasikia kwamba hazifanyi kazi kwa watu wa mashine.

Kwa nini wenye lehemu ya chini hufa zaidi

Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Edmund Lowrie na Nancy Lew, walichambua kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 12,000 wa dayalisisi, wakitafuta ni vipimo gani vya kawaida vya damu vinavyotabiri kifo. Albumini, protini kuu ya damu, ilijitokeza kwa nguvu: kadiri ilivyokuwa chini, ndivyo hatari ilivyokuwa kubwa. Lehemu ilifuata mkondo huo huo. Tafiti za baadaye zilirudia picha hiyo, ikiwemo ya Okinawa, Japani, iliyofuatilia wagonjwa kwa miaka 10.

Hapo ndipo ilipozaliwa tafsiri potofu ambayo bado inazunguka: kwamba lehemu humlinda mgonjwa wa figo, kwa hiyo aiongeze. Lakini ghala likiwa tupu, si ghala lililoleta njaa. Lehemu nyingi iliyo kwenye damu hutoka kwenye ini, na ini huipunguza kwa sababu mbili ambazo mgonjwa wa mashine anazo kwa wingi.

Ya kwanza ni utapiamlo. Sumu zinazobaki mwilini huondoa hamu ya kula, chakula huwa na ladha ya chuma, na masharti ya lishe yanakata vyakula vingi kwa mkupuo. Mashine nayo huchukua chake: kila kipindi cha dayalisisi huondoa takriban gramu 6 hadi 12 za asidi amino, yaani viungo vya kujengea protini. Damu yenye asidi nyingi (bikaboneti chini ya milimoli 22 kwa lita) huufanya mwili uvunje misuli yake wenyewe.

Ya pili ni mchochota, yaani mwili kuwa katika hali ya mapambano ya ndani yasiyoisha, hata kama mgonjwa hana homa. Katheta (mpira wa kupitishia damu ya mashine) iliyokaa shingoni kwa miezi, kidonda cha mguu cha kisukari, meno yaliyooza, kifua kikuu kilichojificha, homa ya ini, figo iliyopandikizwa ikashindwa na kuachwa mwilini, maji ya mashine yasiyosafishwa vizuri: vyote hivi huchochea kemikali kama intalukini-6. Kemikali hizo hulielekeza ini litengeneze protini za dharura, CRP ikiwemo, na kupunguza albumini. LDL na HDL (ile iitwayo lehemu nzuri) hushuka pamoja. Mchochota huo huo hukakamaza mishipa na kuuharibu moyo. Kwa hiyo kinachoshusha lehemu ndicho kinachoua, na lehemu ya chini ni alama yake tu.

Uthibitisho mzuri zaidi wa jambo hili ulitoka mwaka 2004, Yongmei Liu, Josef Coresh na wenzao walipochapisha uchambuzi wa wagonjwa 823 wa Marekani waliokuwa wameanza dayalisisi. Waliwagawa makundi mawili: wenye dalili za mchochota au utapiamlo (kwa vipimo vya albumini, CRP na intalukini-6), na wasio nazo. Kwenye kundi la kwanza, kila lehemu ilipokuwa juu kwa takriban milimoli 1 kwa lita, hatari ya kifo ilionekana kuwa ndogo kwa asilimia 11. Kwenye kundi la pili hatari ilipanda kwa asilimia 32. Ukishauondoa mchochota na njaa kwenye hesabu, lehemu inarudi kuwa adui yule yule tunayemjua. Utafiti huu unastahili kusomwa na kila anayefanya kazi kwenye kitengo cha dayalisisi, kwa sababu unafuta kitendawili bila kudai kwamba mwili wa mgonjwa wa figo una sheria zake za ajabu.

Kuisoma karatasi ya majibu

Tuchukue mfano wa majibu ya mgonjwa wa kisukari mwenye miaka 58, mwaka wa pili kwenye mashine: lehemu yote 3.2, HDL 0.8, trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) 2.6, LDL 1.2, zote kwa milimoli kwa lita. Mtu asiyejua hali yake atampongeza kwa LDL hiyo. Pembeni, albumini ni gramu 31 kwa lita, na CRP ni miligramu 28 kwa lita.

Sura hii ni ya kawaida sana kwa wagonjwa wa mashine: LDL ya kawaida au ya chini, HDL ya chini, trigliseridi za juu. Trigliseridi hupanda kwa sababu kimeng'enya kinachozivunja kwenye kuta za mishipa hudhoofika figo zinapokufa, hivyo mabaki ya mafuta yaliyomeng'enywa nusu huzunguka muda mrefu. Chembe za LDL zenyewe huwa ndogo na nzito, na hujipenyeza kwenye ukuta wa mshipa kwa urahisi zaidi. HDL iliyopo hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kulinda. Aina nyingine, inayoitwa lipoproteini(a), mara nyingi hupanda, na kipimo cha kawaida hakiionyeshi.

Ndiyo maana namba ya LDL peke yake haitoshi. Toa HDL kwenye lehemu yote: 3.2 kutoa 0.8 ni 2.4. Hiyo ni lehemu yote iliyobebwa na chembe zinazoweza kuziba mishipa. LDL imechukua nusu yake tu; nusu nyingine imo kwenye mabaki yale ya mafuta. Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, huikokotoa: lehemu yote, kutoa HDL, kutoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Trigliseridi zikizidi 4.5, kanuni hiyo haifai tena na LDL iliyoandikwa isiaminiwe.

Muda wa kuchukua damu nao una uzito. Damu ichukuliwe kabla ya kipindi kuanza, mara tu sindano ya kwanza inapoingia, kabla ya heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na maji ya chumvi. Baada ya kipindi damu imekuwa nzito kwa kuondolewa maji, na heparini imekwisha kuchomoa vimeng'enya vya kuvunja mafuta kutoka kwenye kuta za mishipa, ambavyo huendelea na kazi hata ndani ya chupa ya sampuli. Majibu ya sampuli kama hiyo hayawezi kulinganishwa na ya mwezi uliopita. Na maabara ikitoa majibu kwa miligramu kwa desilita, gawanya lehemu kwa 38.7 na trigliseridi kwa 88.6 upate milimoli.

Linganisha pia na majibu ya nyuma. Lehemu iliyokuwa 4.8 mwaka jana ikawa 3.2 leo, bila dawa mpya, inataka maelezo. Maswali ya kuuliza ni haya: anakula nini hasa kwa siku? Nguo zimeanza kumpwaya? Katheta bado ipo? Ana kikohozi, jasho la usiku, kidonda, jino linalouma? Bikaboneti yake ni ngapi? Muda wa mashine unatimia au hukatwa?

Hapa kuna kosa moja linaloumiza wagonjwa wengi kimyakimya. Mtu anapopoteza nyama ya mwili huku uzito wake mkavu (ule unaolengwa mwisho wa kipindi) ukiachwa palepale, nafasi ya nyama huchukuliwa na maji. Mizani inaonyesha kilo 64 kama kawaida, kumbe nyama imepungua na maji yameongezeka kilo tatu. Presha inapanda, dawa za presha zinaongezwa, na moyo unazidi kutanuka. Kila lehemu na albumini zinaposhuka pamoja, uzito mkavu upimwe upya.

Dawa zilivyojaribiwa

Kwa kuwa statini zilikuwa zimeokoa watu wengi, ilitarajiwa zingefanya makubwa kwa wagonjwa wa dayalisisi, ambao hatari yao ya moyo ni ya juu kupita kiasi. Majaribio makubwa matatu yalifanyika.

Jaribio la Ujerumani linalojulikana kama 4D, lililochapishwa mwaka 2005, lilichukua wagonjwa 1,255 wenye kisukari cha aina ya pili waliokuwa kwenye mashine. Nusu walipewa atorvastatini miligramu 20, nusu kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa kwa takriban miaka minne. LDL ilishuka kwa asilimia 42. Lakini kati ya 619 waliopata dawa, 226 walikufa kwa moyo au walipata shambulio la moyo au kiharusi. Kati ya 636 wasiopata dawa, 243. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa ya bahati tu. Viharusi vya kuua vilikuwa vingi zaidi kwa waliopata dawa, 27 dhidi ya 13, jambo lililozua hofu lakini halikujirudia kwenye majaribio yaliyofuata.

AURORA, la mwaka 2009, lilikuwa kubwa zaidi: wagonjwa 2,776 wa miaka 50 hadi 80, rosuvastatini miligramu 10. LDL ilishuka kwa asilimia 43. Waliopatwa na tukio kubwa la moyo au kiharusi walikuwa 396 upande wa dawa na 408 upande mwingine. Kwa maneno mengine, hakuna tofauti.

SHARP, la mwaka 2011, ndilo linalochanganya watu. Lilikuwa na wagonjwa 9,270 wa figo waliopewa simvastatini miligramu 20 pamoja na ezetimibi (dawa nyingine ya kushusha lehemu) miligramu 10, au kidonge kitupu. Kwa jumla, matukio makubwa ya mishipa kuziba yalipungua kwa asilimia 17. Habari hiyo ilisambazwa kana kwamba ni ya wagonjwa wote wa figo. Lakini theluthi mbili ya washiriki walikuwa hawajafika kwenye dayalisisi, na kwa wale 3,023 waliokuwa wanasafishwa damu faida ilikuwa ndogo, isiyothibitika ikitazamwa peke yake. Idadi ya vifo haikupungua kwenye kundi lolote. Mwaka 2016 data za majaribio 28 ziliunganishwa, na mwelekeo ukaonekana wazi: kadiri figo zinavyodhoofika, faida ya kila milimoli ya LDL inayoshushwa inazidi kufifia, na kwa walio kwenye dayalisisi haionekani tena.

Kwa msingi huo, mwongozo wa kimataifa wa KDIGO (shirika linaloandaa miongozo ya tiba ya figo) wa mwaka 2013 unapendekeza hivi: mtu mzima aliye kwenye dayalisisi asianzishiwe statini kwa sababu tu yuko kwenye dayalisisi, aliyekuwa anaitumia kabla ya kuanza mashine aendelee nayo. Mwenye miaka 50 na kuendelea ambaye figo zake zimedhoofika lakini hajafika kwenye mashine anapaswa kupewa statini, kwa sababu huko ushahidi ni imara. Hili la mwisho lina maana kubwa kwa Afrika Mashariki, ambako wengi hugundulika wamechelewa: miaka ile ya ugonjwa wa figo usio na dalili ndiyo statini ingefanya kazi, na ndiyo inayopita bila mtu kupimwa.

Mwongozo haufungi mlango kabisa. Uchambuzi wa baadaye wa 4D ulionyesha kwamba wagonjwa ambao LDL yao ilikuwa juu ya miligramu 145 kwa desilita, sawa na milimoli 3.75, walipata nafuu ya wazi kwa atorvastatini. Uchambuzi wa aina hiyo, unaofanywa baada ya jaribio kumalizika, hauna uzito wa jaribio lenyewe, lakini unaendana na tuliyoyaona kwenye utafiti wa 2004: mwenye LDL ya juu na lishe nzuri, hasa kijana anayetarajia miaka mingi au anayesubiri figo mpya, ana sababu ya kuzungumza na daktari wake kuhusu dawa. LDL ya milimoli 4.9 na zaidi, au trigliseridi zinazozidi 11, zinahitaji kutafutiwa chanzo hata kwa mgonjwa wa mashine.

Kinachoua hasa

Swali linalobaki ni kwa nini kushusha LDL kusisaidie moyo unaokufa. Jibu liko kwenye namna ya kufa. Kwenye 4D, takriban robo ya vifo vyote vilikuwa vya ghafla, moyo ukisimama bila onyo. Vilivyotokana na shambulio la moyo la kawaida, mshipa ukiziba, havikufika hata moja ya kumi. Statini hushughulika na hiki cha pili. Moyo wa mgonjwa wa dayalisisi unakabiliwa na mambo mengine matatu.

Misuli ya chumba cha kushoto cha moyo huwa imenenepa. Utafiti wa Kanada wa miaka ya 1990 ulikuta takriban robo tatu ya wagonjwa wanaoanza dayalisisi wana hali hiyo, matokeo ya miaka ya presha, maji mengi na upungufu wa damu. Misuli iliyonenepa huota makovu, na umeme wa moyo hupotea njia kwenye makovu hayo.

Kisha kalisi. Fosforasi ikikaa juu, seli za ukuta wa mshipa huanza kubadilika kuwa kama za mfupa, na kalisi hujaa kwenye tabaka la kati la ateri, si kwenye utando wa ndani ambako lehemu huziba. Mshipa hukakamaa kama bomba, na kila pigo la moyo linakutana na ukuta mgumu. Statini haigusi jambo hili.

La tatu ni mawimbi ya potasiamu na maji. Mwili wenye figo nzima hurekebisha vitu hivi kila dakika. Mwili wa mgonjwa wa mashine hujaa kwa siku mbili au tatu, kisha hunyonywa kwa saa nne. Mwaka 2011 Robert Foley na wenzake walichambua wagonjwa 32,065 wa Marekani wanaosafishwa mara tatu kwa wiki. Siku iliyofuata pengo refu la siku mbili, vifo vilikuwa 22.1 kwa kila miaka 100 ya wagonjwa. Siku nyingine vilikuwa 18.0.

Sasa fikiria anayesafishwa mara mbili tu. Kenya, kwa miaka mingi, bima ya taifa ililipia vipindi viwili kwa wiki, na hiyo ndiyo ikawa ratiba ya wengi. Anayekwenda Jumatatu na Alhamisi ana pengo la siku mbili, kisha pengo la siku tatu, wiki baada ya wiki. Kwake, kilichotokea kwa Wamarekani mwisho wa juma ndiyo hali ya kila siku. Kumpimia lehemu kila mwezi huku pengo hilo likiachwa bila mpango ni kupoteza fedha yake kwenye kipimo kisichobadilisha matibabu.

Fedha na nguvu ziende wapi

Kwanza kwenye maji na chumvi. Kasi ya kuondoa maji isizidi mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa sababu juu ya hapo vifo huongezeka. Mtu wa kilo 60 kwenye kipindi cha saa nne anaweza kuondolewa takriban lita 3.1 (13 × 60 × 4). Akija na kilo 4.5 za ziada, kuziondoa kwa usalama kunahitaji saa tano na dakika 46. Zikilazimishwa ndani ya saa nne, presha inaanguka, misuli ya moyo inakosa damu kwa muda, na kila tukio la namna hiyo huacha kovu. Suluhisho ni kuongeza muda au kuongeza kipindi, na nyumbani ni kupunguza chumvi kuliko kupambana na kiu: gramu 5 kwa siku, chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyojificha kwenye vidonge vya mchuzi, ng'onda, mkate na soseji. Anayepunguza maji bila kupunguza chumvi atashindwa, na si kwa ukaidi wake.

Potasiamu inahitaji uangalifu pande zote mbili. Dafu moja linaweza kuwa na zaidi ya miligramu 600, karibu theluthi ya kinachoruhusiwa kwa siku kwa wagonjwa wengi, na watu wa pwani hulinywa kama maji ya afya. Parachichi, ndizi na nyanya ya kopo ni vivyo hivyo. Mboga na viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi na maji yamwagwe. Kwa upande wa mashine, maji ya dayalisisi yenye potasiamu chini ya milimoli 2 kwa lita yameonekana kuhusiana na moyo kusimama. Yasitumiwe kwa mazoea.

Fosforasi ya viwandani ndiyo ya kukatwa kwanza. Fosfeti inayowekwa kwenye soda nyeusi, soseji na nyama za kopo hufyonzwa karibu yote, zaidi ya asilimia 90. Ile ya nyama na samaki hufyonzwa takriban nusu, na ya maharage chini ya hapo. Dawa za kufunga fosforasi zimezwe pamoja na chakula. Zikimezwa saa mbili baadaye hazina kitu cha kufunga. Mojawapo, sevelameri, hushusha pia LDL kwa asilimia 15 hadi 30, kwa hiyo LDL ikishuka baada ya kuianza usiharakishe kutafuta utapiamlo.

Kuhusu chakula, mgonjwa wa mashine anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina takriban 6, gramu 100 za kuku aliyepikwa 25 hadi 30, samaki wa kiasi hicho 20 hadi 25, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Anayekula ugali na mchuzi wa mboga mara mbili kwa siku hafiki hata nusu. Hapa ndipo ushauri wa jirani, "acha mayai, yana lehemu", unapoua. Sharti la kupunguza protini ni la mtu ambaye hajafika kwenye mashine. Akishaanza dayalisisi linageuka, na wengi hawaambiwi siku linapogeuka. Mafuta ya alizeti au ya mahindi kwenye chakula ni njia nzuri ya kuongeza nguvu bila potasiamu wala fosforasi, na mtu aliyekonda asiyaogope.

Na katheta itolewe mapema kadiri inavyowezekana, fistula (mshipa wa mkono ulioandaliwa kwa upasuaji) ichukue nafasi yake. Hakuna hatua moja inayopunguza mchochota na maambukizi kuliko hiyo.

Kwa anayetumia statini tayari

Asiiache mwenyewe, hasa kama aliwahi kupata shambulio la moyo, kiharusi au kuwekewa kifaa cha kupanua mshipa. Dozi zinazofaa figo dhaifu ni zile zilizojaribiwa: atorvastatini 20, rosuvastatini 10, simvastatini 20 pamoja na ezetimibi 10. Kupandisha hadi 80 kunaongeza madhara bila faida iliyothibitishwa.

Maumivu ya misuli ya pande zote mbili, udhaifu wa kupanda ngazi au mkojo wa rangi ya kahawia, kwa ambaye bado anakojoa, ni sababu ya kumwona daktari siku hiyo hiyo. Mara nyingi chanzo ni dawa nyingine. Klarithromaisini na dawa za fangasi kama itrakonazoli hupandisha simvastatini na atorvastatini kwenye damu. Simvastatini haichanganywi kabisa na dawa za VVU zenye ritonaviri, na kwa anayetumia amlodipini, ambayo wagonjwa wa presha wengi wanayo, isizidi miligramu 20. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huishusha statini hadi isifanye kazi. Kwa trigliseridi, fenofibreti hairuhusiwi kwa mgonjwa wa dayalisisi, na jemfibrozili pamoja na statini ni mchanganyiko unaoyeyusha misuli.

Anayesafishwa damu kwa njia ya tumbo ana sura tofauti kidogo. Maji ya tumboni yana sukari, na mwili hufyonza gramu 100 hadi 200 kwa siku, huku ukipoteza protini gramu 5 hadi 15. Ini hujibu kwa kutengeneza mafuta zaidi, hivyo LDL na trigliseridi huwa juu kuliko za mtu wa mashine. Kutumia maji yenye sukari ndogo kila inapowezekana, kwa kupunguza chumvi ili kusiwe na maji mengi ya kuondoa, hufanya kazi nzuri kuliko kidonge.

Na kwa anayepandikizwa figo, huduma ambayo Muhimbili, hospitali ya taifa ya Tanzania, ilianza kuitoa Novemba 2017, lehemu hurudi kwenye nafasi yake ya zamani. Steroidi na siklosporini, dawa za kuzuia mwili kuikataa figo mpya, huipandisha, mchochota wa mashine unaisha, hamu ya kula inarudi, na miaka ya kuishi inaongezeka. Jaribio la ALERT la mwaka 2003, lenye wagonjwa 2,102 wa figo zilizopandikizwa, lilionyesha fluvastatini ikipunguza vifo vya moyo na mashambulizi ya moyo yasiyoua kwa takriban theluthi moja, ingawa lengo kuu la jaribio halikufikiwa. KDIGO inapendekeza statini kwa wagonjwa hawa. Anayetumia siklosporini asipewe simvastatini kamwe, na dozi ya statini nyingine yoyote ipunguzwe. Takrolimasi, dawa nyingine ya kazi hiyo, haina mgongano mkubwa kiasi hicho.